Jinsi ya kutuma pendekezo la kuboresha programu ya kuediti video mpaka lifanyiwe kazi (mwongozo kamili kwa mafundi wa Mwanza na Kanda ya Ziwa)

Mwongozo huu ni wa fundi anayeshuti harusi Buswelu jumamosi, kipaimara Nyakato jumapili, jumatatu ana tangazo la duka la Makoroboi linasubiri, na kazi zote hizo anaediti kwa laptopu ya RAM 4 au 8 au kwa simu peke yake. Programu tunazotumia, iwe CapCut, InShot, KineMaster, VN, Filmora, DaVinci Resolve, Kdenlive au Shotcut, zinatengenezwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kuediti huku umeme unakatika video ikiwa imefika asilimia 90. Hawajui kwamba bibi harusi anataka video yake iingie WhatsApp, hawajui laptopu zetu zikoje, na sisi badala ya kuwaambia tunaenda kuweka nyota moja na kuandika "app mbovu haifai", alafu tunashangaa apdeti inayofuata imekuja na stika mpya na tatizo liko palepale.

Maoni ya namna hiyo hayafanyiwi kazi kwa sababu aliyeyapokea hana pa kuanzia. Pendekezo linalofanyiwa kazi linamuonyesha mtengenezaji kazi unayoifanya, mahali unapokwama, na linamwezesha kuliona tatizo lako kwenye kompyuta yake yeye. Ukielewa hapo umeelewa zaidi ya nusu.

Kwanza hakikisha ni tatizo la programu kweli

Malalamiko mengi ninayoyaona kwenye magrupu ya mafundi hayahusu programu kabisa. Mfano mzuri ni ile mistari myeusi inayotembea au taa kupepesa ukishuti ndani ya ukumbi, mtu anaanza kutafuta efekti ya kuiondoa, hakuna, anaishutumu programu. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na simu nyingi zinakuja zimesetiwa fremu (picha) 30 kwa sekunde, na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ikikaa kwenye 1/60 haviendani na mistari inatokea. Weka shata 1/50 au 1/100, ukiweza shuti fremu 25, na tatizo linaisha kwenye kamera kabla hujafungua programu yoyote.

Kingine, angalia kama unachotaka kuomba hakipo tayari. Watu wengi wanaomba "fanyeni programu iwe nyepesi" wakati kuna kitu kinaitwa proksi, yaani programu inatengeneza nakala ndogo za klipu zako, unaediti kwa hizo nakala, ukifika kwenye kuekspoti (kutoa video iliyokamilika) inarudi kuchukua klipu halisi. Kdenlive inayo, Shotcut inayo, DaVinci Resolve inayo, Filmora nayo inayo. Washa hiyo kwanza ujaribu. Alafu apdeti programu, kwa sababu ukituma tatizo la toleo la zamani jibu la kwanza utakalopata ni uapdeti, na utakuwa umepoteza wiki nzima ukisubiri hilo jibu.

Ukishapita hapo, jiulize hii ni hitilafu au ni ombi? Hitilafu ni kitu ambacho programu inaahidi kukifanya na haikifanyi, mfano inajifunga ukigusa kitu fulani. Ombi ni kitu ambacho haijawahi kukifanya na wewe unataka kifanyike. Usivichanganye kwenye ujumbe mmoja. Na ujumbe mmoja ubebe jambo moja tu, hata kama una matano moyoni, kwa sababu likishughulikiwa moja kati ya matano ujumbe unafungwa na manne yanazama nao.

Lirudishe tatizo kwa makusudi

Hapa ndipo kazi ilipo na ndipo wengi wanapoishia njiani.

Tuchukue tatizo linalosumbua mafundi wengi wa simu: sauti kuachana na mdomo. Umerekodi ibada au hotuba ya dakika 40 kwa simu, mwanzoni sauti na mdomo viko sawa, ukifika mwishoni mchungaji anafunga mdomo ndio neno linasikika. Sababu yake mara nyingi ni kwamba simu hairekodi fremu kwa mwendo mmoja. Umeiambia fremu 30 kwa sekunde lakini mwanga ukipungua au simu ikipata joto inashuka kidogo, inapanda tena, inashuka. Programu ikichukulia kwamba kila sekunde ina fremu 30 kamili, picha na sauti vinaanza kupishana kidogokidogo mpaka inafika sehemu kila mtu anaona.

Sasa badala ya kutuma "sauti inachelewa rekebisheni", fanya hivi. Chukua simu ileile uliyotumia, iweke mbele ya saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, anza kurekodi, piga kofi moja mbele ya kamera. Iache iendelee kama dakika 20, ukipiga kofi kila baada ya dakika tano, na la mwisho kabla hujazima. Fungua projekti mpya tupu kabisa, isiwe ile ya harusi yenye leya kumi na efekti, weka hiyo klipu peke yake kwenye taimulaini na uangalie kila kofi: mikono inakutana wakati sauti inasikika au la? Kama kofi la kwanza liko sawa na la mwisho limepishana, umeshalishika tatizo mkononi, na mtu yeyote duniani mwenye programu hiyo anaweza kuliona ukimpa hiyo klipu.

Hapo hapo pakua MediaInfo, ni ya bure, fungua klipu yako ndani yake utafute mstari unaosema mwendo wa fremu ni wa aina gani, kama unabadilika au umesimama. Kopi maandishi yote inayokuonyesha uyaweke pembeni, yataenda pamoja na ujumbe. Wakati unasubiri marekebisho, kazi ya mteja haisubiri, kwahiyo pitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, chagua mwendo wa fremu usiobadilika, alafu editi hiyo iliyotoka. Kdenlive na Shotcut zenyewe zinakuonya ukiingiza klipu ya aina hiyo na zinakupa nafasi ya kuigeuza kabla hujaanza. Kama programu unayotumia haikuonyi, basi tayari umeshapata ombi zuri sana la kutuma: "naomba programu inionye na kunigeuzia", na una mfano wa waliokwisha kufanya.

Kusanya taarifa za kifaa chako

Hii ipite haraka. Toleo la programu, namba nzima pamoja na zile nukta. Simu au laptopu gani, RAM kiasi gani, Windows au Android toleo gani, nafasi iliyobaki kwenye diski (watu wanaisahau hii, na programu nyingi zinajifunga kwa sababu diski imejaa). Kama ni simu, sema video ziko kwenye simu yenyewe au kwenye memori kadi. Piga skrinshoti ya ujumbe wowote wa kosa, usiusimulie kwa kumbukumbu.

Andika kazi yako, usiandike kitufe

Mtu akikwama anakimbilia kuomba kitufe. "Ongezeni kitufe cha kupunguza video." Mtengenezaji anasoma anawaza kupunguza urefu, ukubwa wa picha au ubora? Wewe mweleze kazi unayoifanya, yeye ndiye anaijua programu yake ndani, anaweza hata kukuletea njia bora kuliko uliyoiwaza.

Mpangilio ninaoutumia una vitu vinne: ninafanya kazi gani, ninakwama wapi, sasa hivi ninazungukaje, na ninaomba nini. Huo "ninazungukaje" ndio wenye nguvu kuliko yote, kwa sababu unaonyesha muda unaopotea, na ndio watu wengi wanauruka.

Mfano kamili huu hapa, unaweza kuuchukua ukabadilisha uwe wako (bitireti ni kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde ya video, na kurenda ni programu kuitengeneza video ya mwisho):

"Naediti video za send-off na harusi. Wateja wangu wengi hawana kompyuta, wanapokea video kwa WhatsApp kama dokumenti, na WhatsApp inapokea faili lisilozidi GB 2. Video ya dakika 45 nikiekspoti kwa 1080p na bitireti ya megabiti 8 kwa sekunde inatoka na GB 2.7, haiingii. Programu inaniruhusu kuchagua bitireti lakini hainiambii faili litakuwa na ukubwa gani mpaka limalize kurenda, na kwenye laptopu yangu kurenda ni masaa. Sasa hivi nalazimika kupiga hesabu kwa kalkuleta: GB 2 ni megabiti 16,000, nagawanya kwa sekunde 2,700, napata karibu 5.9, natoa ya sauti, naandika 5.5. Naomba sehemu ya kuekspoti iniruhusu niandike ukubwa wa faili ninaoutaka na programu itafute bitireti yenyewe. Kama hilo ni gumu, angalau ionyeshe makadirio ya ukubwa kabla sijabonyeza."

Angalia hakuna hasira humo ndani na hakuna "programu yenu ni takataka". Hesabu iko wazi, yeyote anaweza kuirudia. Ile megabiti 8 nimeiweka kwa sababu ndiyo YouTube wenyewe wanayoipendekeza kwa 1080p ya fremu 24 mpaka 30, kwahiyo mtengenezaji akiisoma anajua siombi kitu cha ajabu. Na mwishoni nimempa ombi dogo la pembeni. Ombi dogo mara nyingi ndilo linalotangulia kufanyika, na hilo la makadirio peke yake lingeokoa usiku mwingi sana wa mafundi wa hapa.

Mambo ambayo sisi ndio tunaopaswa kuyasema

Kuna maombi ambayo mtu wa Marekani au China hawezi kuyawaza kwa sababu hayamkuti, na tusipoyasema sisi hakuna atakayeyasema.

La kwanza ni umeme. Video ya MP4 ikiwa inarendwa kwa njia ya kawaida, ile orodha inayoiambia pleya kila fremu iko wapi inaandikwa mwishoni kabisa. Umeme ukikatika kabla ya hapo faili unalo, ukubwa linao, lakini halifunguki. Umeshakaa unasubiri kuanzia saa mbili usiku, saa saba umeme unaondoka, asubuhi unaanza sifuri na mteja wa Sengerema ameshapanda gari anakuja kuchukua kazi yake. Ombi la kutuma ni programu irende kwa vipande, kila kipande kikiisha kihifadhiwe, na ukiwasha tena iendelee pale ilipoishia. Wakati huo huo, kama programu yako inaruhusu kuekspoti MKV, aina nyingine ya faili la video, tumia hiyo kwa video ndefu kisha uigeuze kuwa MP4, maana MKV ikikatika katikati kile kilichokwisha kuandikwa kwa kawaida kinafunguka. Kuigeuza bila kurenda upya ni dakika chache tu.

La pili ni maandishi ya Kiswahili na majina yetu. Kuna programu zinazogeuza sauti kuwa maandishi zenyewe lakini Kiswahili hakipo kwenye orodha ya lugha, au kipo kinaandika vitu havieleweki. Usikubali kuambiwa haiwezekani. Whisper, mfumo wa kugeuza sauti kuwa maandishi ambao OpenAI waliutoa bure mwaka 2022, unakijua Kiswahili, na Kdenlive inaweza kuutumia bila intaneti ukishaupakua. Hautoi kazi safi, hasa mtu akichanganya na Kisukuma, lakini kurekebisha ni rahisi kuliko kuandika hotuba nzima kwa mkono. Kwahiyo ukituma ombi litaje hilo kama ushahidi. Na ukituma ombi la maandishi ya kwenye skrini, wape maneno ya kujaribia: Ng'ombe, Ng'wanza, Nyang'hwale. Kuna templeti za taitoli ambazo zikikutana na hiyo alama ya juu (') zinakata neno hapohapo na kulipeleka mstari wa chini, "Nyang" huku na "hwale" kule, jina la wilaya ya watu limevunjwa katikati ya tangazo. Skrinshoti moja ya hiyo inatosha, hata maelezo hayahitajiki sana.

La tatu linaniuma zaidi. Filta za kupendezesha sura ambazo zinakuja zimewashwa tayari, na kila ukiongeza urembo ngozi inakuwa nyeupe. Bibi harusi mweusi mzuri anatoka kijivu. Omba vitu viwili tofauti: filta isiwashwe mpaka mtu aiwashe mwenyewe, na kulainisha ngozi kutenganishwe na kung'arisha rangi, kila kimoja kiwe na slaida yake. Tuma picha mbili, kabla na baada, za mtu aliyekubali, ikiwezekana uso wako mwenyewe ukiwa dirishani mchana.

Klipu ya mfano: usitume ya mteja

Video ya harusi ya mtu sio yako kuisambaza, hata kama unaituma kwa mtengenezaji peke yake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, heshima tu. Watoto wa kipaimara ndio kabisa usithubutu. Shuti klipu mpya kwa simu ileile na setingi zilezile: mawe ya Capri Point, mawimbi, mitumbwi ikiwa mbali sura za watu hazionekani. Ukitaka kuonyesha tatizo la upepo kwenye maiki simama ufukweni mchana upepo wa ziwa ukiwa umeanza, utapata mfano wa kutosha. Sekunde 10 mpaka 20 zinatosha kwa matatizo mengi, ukiacha lile la sauti kupishana ambalo linahitaji urefu. Na usiitume kwa WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa na kubadilishwa, tatizo lenyewe linaweza kupotea njiani. Iweke Google Drive au itume kama dokumenti.

Pa kutuma

Play Store iwe ya mwisho, pale huwezi kuambatanisha faili. Programu nyingi za simu zina sehemu ya maoni au msaada ndani ya setingi, anza hapo kwa sababu ukitumia hiyo mara nyingi toleo na aina ya simu vinakwenda vyenyewe. Kwa programu huria, zile za bure ambazo kodi yake iko wazi kwa kila mtu, mambo yako wazi zaidi: Kdenlive wanapokea hitilafu na maombi kwenye bugs.kde.org, OpenShot wako GitHub, na unaweza kusoma yote waliyoandika wengine na kuona yapi yamefanyiwa kazi. Tafuta kwanza kama lako limeshatumwa. Kama lipo usifungue jipya, ingia humo uongeze kifaa chako na klipu yako, maana ripoti moja yenye vifaa vingi tofauti inamsaidia mtengenezaji kuliko ripoti nyingi zinazorudia maneno yaleyale. Kwa hiyo kama mko grupu la mafundi wa Mwanza na tatizo ni lenu wote, msikopi na kupesti ujumbe mmoja. Mmoja afungue, wengine kila mtu aandike simu yake na alichokiona.

Kuhusu lugha, andika kwanza kwa Kiswahili ukiwa umetulia, sentensi fupifupi, ndio upitishe kwenye kitafsiri kwenda Kiingereza, alafu tuma zote mbili. Sentensi ndefu na misemo ya mtaani kitafsiri kinaiharibu, na hatua za kurudia tatizo zikiharibika basi ujumbe mzima umepotea.

Baada ya kutuma

Jibu linaweza kuchelewa, hasa kwa programu huria ambazo wengi wanazitengeneza kwa kujitolea. Wakikuuliza swali jibu haraka, ripoti nyingi zinafungwa kwa sababu aliyetuma alipotea. Ukipita muda hujasikia, usiandike "vipi mbona kimya", rudi na kitu kipya: nimejaribu kwenye toleo jipya bado lipo, au nimejaribu kwenye laptopu ya rafiki yangu halipo, yake ina RAM 16.

Wakikuambia ujaribu toleo la majaribio, kopi kwanza folda nzima ya projekti pembeni, na usiliguse kwa kazi ya mteja hata kidogo, kwa sababu projekti ikishasevuiwa na toleo jipya inaweza isifunguke tena kwenye la zamani. Rudia kipimo chako kilekile, klipu ileile, kofi zilezile. Kisha waandikie kimefanya kazi au hakijafanya, kwenye kifaa gani, toleo namba ngapi, na kama kimekaa sawa waambie wafunge ripoti.